Upande wa Kulia wa Kichwa cha Mheshimiwa

Wifi yangu hakai. Tangu nimeolewa na kaka yake sijamwona akikalia kiti hata kikapata joto. Huegemea ncha tu, kama mtu anayengoja kuitwa jina lake, mara huyo, kasimama, kaenda mlangoni kuchungulia barabara ambayo haina jipya. Mtaani walimbandika jina la Kiguu na Njia, naye akalipokea kwa furaha kama kapewa cheo. Kazi yake ni kusuka nywele, kazi ambayo mteja hukaa na msusi husimama. Naamini hiyo ndiyo sababu aliichagua.

Saluni yenyewe ni chumba kimoja. Kuna kioo kipana chenye ufa pembeni, viti viwili, benchi la wanaosubiri, televisheni juu ya kabati la mafuta na rasta, na pazia la maua linalotenga kachumba ka nyuma. Kichwa kikubwa tunakisuka wawili: yeye kulia, mimi kushoto, tunakutana utosini. Kazi ya namna hii inataka mikono inayopatana. Mmoja akikaza na mwenzake akilegeza, mteja atatoka na nyusi moja juu kama anamshangaa mtu njiani. Na wifi akiwa na hasira hukaza. Sihitaji kumuuliza kaamkaje. Nikiona kwenye kioo jicho la kulia la mteja linalengalenga machozi, najua leo tuna kazi.

Sheria ya saluni ni moja: kichwa nusu hakitoki mlangoni. Umeme ukatike, mvua inyeshe, mtu apigiwe simu kwamba mumewe kaoa, atakaa hapo mpaka tumalize. Hatutangazwi mtaani na kichwa ambacho hakijaisha.

Sasa, katika vichwa vyetu kuna kimoja ambacho hatukitaji. Ni cha waziri wa mazingira. Yeye na wifi walikalia dawati moja shule ya msingi, na kichwa cha kwanza wifi kujifunzia kusuka kilikuwa hicho hicho, wakati huo kikiwa cha mtoto mwenye chawa kama watoto wengine. Alipopata uwaziri angeweza kusukwa kwenye saluni za mahotelini zenye viti vinavyopanda na kushuka. Lakini huja kwetu Jumapili mchana, tukiwa tumefunga, gari analiacha kona ya duka la dawa, kitambaa kimemfunika mpaka kwenye nyusi. Hakuna mtu mtaani asiyejua, na hakuna anayekiri kwamba anajua.

Sharti lao lilikuwa moja. Alipoapishwa alimwambia wifi kwamba kuanzia siku ile ataombwa na kila mtu, mpaka na shangazi zake, kwa hiyo wifi asimwombe kitu, apate walau mahali pamoja pa kupumzisha kichwa. Wifi akakubali, na kwa kweli alilishika neno. Kaka yake, yaani mume wangu, alipokosa kazi, mimi nilimsihi wifi aseme neno moja tu kwa shoga yake. Akanijibu kwamba kichwa cha mtu si mlango wa ofisi. Tulinuniana mpaka majirani wakatuchoka.

Kilichomvunja ni mto.

Mama mkwe wangu alikuwa anakaa bondeni, nyumba yake mwenyewe, mlango wake mwenyewe, hamwombi mtu ruhusa ya kupiga chafya. Zamani mvua ilikuwa na miezi yake, na watu wa bondeni walijua lini wainue magodoro. Siku hizi mvua ni mgeni asiyepiga hodi. Mara ya kwanza maji yalifika vifundoni, watu wakachekana. Mara ya pili yakapanda kitandani. Mara ya mwisho yaliondoka na ukuta wa jiko pamoja na mlango wa mbele. Mlango ukaonekana darajani umekwama kwenye nguzo, na mtu mmoja tayari anaukagua aubebe. Mama mkwe tukamleta saluni, nyuma ya pazia, na godoro na sanduku. Kwangu tunalala chumba kimoja na watoto, na wifi mwenyewe hulala hapo hapo saluni, hapakuwa na pengine pa kumweka.

Mwanamke aliyezoea mlango wake, kumlaza nyuma ya kitambaa asikilize umbeya wa watu kutwa nzima, ni kumpunguza. Hakulalamika sana, lakini kila asubuhi alitoka pale akiwa amevaa kabisa na kuuliza kama bondeni pamekauka. Wifi anamwambia bado. Yeye anarudi nyuma ya pazia, na wifi kitana kinamdondoka.

Watu wa bondeni walikuwa na kamati yao, na mwenyekiti wake ni fundi viatu, mtu mpole, mdomoni misumari midogo muda wote. Hao walishajaza mchanga kwenye viroba, wakachimba mifereji, maji yakavuka vyote. Wakasikia kwenye redio kwamba nchi nyingi zinakwenda kukutana ng'ambo kuwekeana ahadi ya kupunguza moshi unaoipasha dunia joto na kuvuruga mvua, na kwamba yetu itapeleka waziri ila haitaahidi kitu, maana kuna mtambo mkubwa wa umeme wa makaa ya mawe serikali inautaka. Wakaenda wizarani, wakaambiwa Mheshimiwa yuko kikaoni. Wakarudi, bado yuko kikaoni. Wakaandamana na mabango mpaka njia panda, askari akawaambia wanazuia magari. Ndipo fundi viatu akaja saluni, akatoa misumari mdomoni, jambo analolifanya kwa nadra.

"Asiyekuwapo na lake halipo," alimwambia wifi. "Sisi kule hatutakuwapo. Yeye atakuwapo, na kichwa chake kinapita mikononi mwako."

Wifi akamjibu lile jibu lake la mlango wa ofisi. Fundi viatu akarudisha misumari mdomoni, akaondoka. Lakini kuanzia hapo wifi hakukaa tena hata kwenye ncha. Alisuka huku anabadilisha miguu. Akichoma ncha za rasta anazisahau, chumba kinajaa moshi, wateja wanakohoa. Nilimwambia kama ni kuzungumza azungumze, kama ni kunyamaza anyamaze, atuache tupumue. Akaniambia nifunge mdomo, nikafunga, kwa siku ile.

Jumapili Mheshimiwa akaja. Ndege yake ilikuwa kesho yake. Alikuwa na furaha ya mtu aliyechoka, akavua viatu, akaomba mistari ya kulala nyuma, myembamba, isiyohitaji kuguswa safari nzima. Tukaanza. Upande wangu ulikwenda vizuri. Kwenye kioo nikaliona jicho la kulia linalengalenga, nikasema moyoni, haya.

Nikamaliza kushoto. Nikageuka kumsaidia mwenzangu, nikakuta kasuka robo tu, zilizobaki zimesimama ovyo kama kichaka. Mwanamke anayesuka haraka kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nilidhani mkono unamuuma. Kumbe alikuwa anavuta muda. Akaweka kitana mezani.

"Shoga, kesho unakwenda kusema nini huko?"

Mheshimiwa akacheka, akasema haendi kusema, anakwenda kusikiliza.

"Usikilize nini? Mafuriko unayajua."

Kisha wifi akafunguka. Sitaweza kuyarudia yote, maana aliongea bila kuvuta pumzi huku anazunguka kile kiti. Alisema juu ya watoto wa bondeni wanaofanyia kazi zao za shule juu ya meza, na miguu ikiwa juu ya meza vilevile. Alisema viroba vya mchanga haviwezi kushindana na mbingu. Nchi moja ikipiga kelele peke yake ni kelele, alisema, lakini zikisimama zote na kuwekeana neno, hata wale wakubwa wenye viwanda wataona haya. Na asipoahidi yeye, hao wakubwa watasema mnaona, hata wanaozama wenyewe hawana haraka.

Mheshimiwa hakuwa mjinga, na mimi sipendi watu wanaosimulia kana kwamba viongozi wote ni vipofu. Alijibu vizuri. Moto huu hatukuuwasha sisi, alisema. Taa za mapambo za mji mmoja wa hao matajiri zinakula umeme kuliko wilaya yetu nzima, kwa nini tujifunge sisi mikono kwanza? Na yeye si serikali. Kuna baraza, kuna wenye mtambo wao, kuna waliomweka hapo alipo. Mimi kwa upande wangu wa kushoto nilikuwa natikisa kichwa kukubali.

"Kidole kimoja hakivunji chawa, sawa," wifi akasema. "Lakini kila kidole kikingoja kingine kianze, chawa anazaa."

Mheshimiwa akajitazama kwenye kioo, nusu kichwa kimelala, nusu kimesimama. "Umeningoja nifike nusu," alisema.

"Ndiyo."

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana nisikuombe changu. Hiki si changu."

Nyuma ya pazia sanduku likasogezwa, mama mkwe anajifanya ana shughuli. Mheshimiwa akageuza macho kule. Yule mama alimlisha akiwa mtoto, siku ambazo kwao hakuwashwi jiko. Akauliza kwa sauti ya chini kama mama amehamia huku, wifi akaitikia kwa kichwa. Basi Mheshimiwa akauvuta mkono wa wifi, akamsimamisha pale, na sauti aliyoongea nayo haikuwa ya waziri tena.

"Nisikilize. La mkutano si langu peke yangu, siwezi kukuahidi. La mama naliweza. Kuna nyumba za serikali kule mlimani, moja iko wazi. Nikipiga simu kesho kabla sijapanda ndege, wiki ijayo mama ana mlango wake. Na hilo lingine tuliache, shoga. Tubaki kama tulivyokuwa."

Sitaki kumdanganya msomaji. Kichwani nilikuwa nimeshabeba godoro, nimeshafika mlimani, nimeshafagia kibaraza na kumwekea mama mkwe kiti. Nilimwangalia wifi aseme ahsante. Neno lenyewe fupi, halina kazi.

Wifi akalitazama pazia muda mrefu. "Mama ana majirani," alisema. "Nikichukua nyumba, nitakuwa nimelipwa ninyamaze, na wao wabaki na maji. Sitaki."

Mheshimiwa akatuambia tumalize kichwa. Wifi akachukua kitana, lakini mstari wa kwanza ukaenda mrama, akaufumua, wa pili ukaenda mrama. Akanipa kitana, akatoka nje. Nikamwona kupitia dirishani anapanda na kushuka mbele ya duka la dawa. Nikasuka kulia peke yangu, na ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya kwa mikono hii. Kabla ya kuondoka Mheshimiwa aliingia nyuma ya pazia, akamshika mama mkwe mikono, wakanong'onezana. Kisha akajifunika kitambaa, akampita wifi barabarani kama anampita mtu wa kuuza karanga.

Wifi aliporudi, mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya pazia.

"Ile nyumba iliyokataliwa ilikuwa ya nani?"

"Mama, nilikuwa..."

"Nimeuliza ilikuwa ya nani. Maana sikusikia mtu akiniuliza mimi." Akalishika pazia kwa mkono mmoja. "Una huruma, mwanangu. Umelihurumia bonde zima. Ila mimi nilikuwa hapa, nyuma ya kitambaa, hatua tatu."

Nilikuwa upande wa mkwe wangu. Nilimwambia wifi waziwazi kwamba kutoa kilicho chako ni ukarimu, kutoa cha mwenzio ni jambo jingine, na alinisikiliza bila kunitukana. Hapo ndipo nilipojua ameumia.

Siku zilizofuata ndani hakukukalika. Mama mkwe alizungumza na bintiye kwa kupitia kwangu. Mwambie wifi yako chai iko tayari, na wifi mwenyewe kasimama pale pale, ananuka mafuta ya nywele. Mwambie mama nimesikia. Nikawa redio ya watu wawili. Habari zilikuwa zimeshafika bondeni, sijui kwa mdomo wa nani, na huko nako wakagawanyika. Fundi viatu alikuja akampa wifi mkono kwa heshima zote, na jioni yake mkewe akaja akamwambia wifi ni mpumbavu: nyumba moja mkononi ni nyumba, maneno ya ng'ambo ni maneno. Wateja wakapungua, maana vichwa vilikuwa vinatoka na maumivu upande wa kulia. Binti mmoja alirudi tumfumue yote, hakuweza kufumba macho.

Mkutano ukaendelea huko, na redio yetu haikuzimwa. Leo wanasema mazungumzo ni magumu, kesho wanasema yanaendelea vizuri, keshokutwa ni magumu tena. Jina la nchi yetu halitajwi. Wifi anasikiliza akiwa mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Siku moja tukiwa tunaosha vitana, akaniambia jambo ambalo sikulitegemea kwake.

"Nikikosa vyote viwili, wifi, nitakuwa nimemchezea mama kamari. Na shoga yangu nimeshampoteza tayari."

Nilitaka kumwambia hapana. Nikaona nitakuwa mwongo. Nikaendelea kusugua vitana.

Siku nchi zilipoanza kusema misimamo yao, saluni ilijaa. Nusu ya bonde ilikuwa humo, wengine kwenye benchi, wengine sakafuni, fundi viatu kasimama karibu na televisheni akiinua mkono kila mara mtu akikohoa. Wateja wawili wenye vichwa nusu wakasahauliwa na wenyewe wakajisahau. Nchi zikapita, kubwa na ndogo. Mara tukamwona Mheshimiwa anapanda jukwaani, na ninyi mniwie radhi, kitu cha kwanza nilichokitazama ni mistari ya kulia. Ilikuwa imelala sawasawa.

Akaanza kusoma karatasi. Nchi yetu inatambua. Nchi yetu inafuatilia kwa karibu. Watu wakaanza kuguna, mke wa fundi viatu akamtazama wifi kwa jicho la nilikwambia. Wifi alikuwa ameshatoa mguu wa pili nje.

Mheshimiwa akageuza ukurasa. "Tulikuja kusikiliza," alisema. "Tumesikiliza vya kutosha."

Akasema nchi yetu inaingia kwenye ahadi. Mtambo wa makaa hautajengwa. Moshi wetu, ambao ni mdogo, tutaupunguza uwe mdogo zaidi, na misitu iliyobaki ya milimani kwenye vyanzo vya mto haitaguswa, na yote haya yatakamilika karne itakapofika nusu. Kisha akawageukia wale wakubwa, akawaambia kwamba aliyezama hadi kiunoni ameshaweka neno lake, sasa anangoja la aliye pakavu. Jinsi alivyowageuza wenzake serikalini ndani ya siku zile, kwa simu au kwa machozi, mpaka leo sijui, na hajarudi kusukwa kwetu nimuulize.

Chumba kililipuka. Fundi viatu alitema misumari yote sakafuni akamkumbatia mkewe, na mkewe akakubali. Watu wakamvuta wifi kutoka mlangoni, wakambeba juu juu, wakamwita kwa jina lake halisi, ambalo hata mimi nilikuwa nimeshazoea kulisahau. Nililia. Nilifurahi kwa moyo wote, wala sikukumbuka kwamba nilikuwa upande mwingine.

Mama mkwe alikuwa ametoka nyuma ya pazia, kasimama kando ya kabati, amevaa kama anayetaka kusafiri. Wifi akajinasua mikononi mwa watu, akamfuata. Ilikuwa mara ya kwanza wanatazamana tangu Jumapili ile.

"Kasema lini?" mama mkwe akamuuliza, yeye mwenyewe, si kupitia kwangu.

"Karne ikifika nusu, mama."

"Hiyo ni lini kwa miaka ya watu?"

Wifi akatafuta namna ya kulisema. Akamwonyesha mwanangu wa mwisho, aliyekuwa anatambaa chini kuokota misumari ya fundi viatu. "Huyu atakuwa na watoto wake," alisema.

Mama mkwe akamwangalia mjukuu wake, akamwangalia sana. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa habari njema ya nyumba ya jirani.

"Basi watakaa pakavu," alisema. "Umefanya vizuri, mwanangu. Sasa na mimi nitafutie pa kukaa, hapa katikati, mpaka hiyo nusu ifike."

Wifi alivua aproni, akavaa viatu, akapenya katikati ya watu, akaenda kumtafutia mama yake chumba, na humo ndani bado walikuwa wanalishangilia jina lake.